Mashine zimelala, transfoma iko macho

Swali: "Shikamoo mzee. Nina kiwanda kidogo cha kukamua mawese na kubangua mise (kokwa za chikichi) huku Kigoma, njia ya Mwandiga, pamoja na mashine mbili za kusaga. Zote zikiwaka pamoja zinavuta kama kilowati 50, na kwa siku tunafanya kazi saa nane hivi. Chikichi zikiadimika tunafunga kabisa. Nataka kuweka transfoma yangu mwenyewe, na mita itakaa upande wa laini kubwa. Kuna mtu ana ya ukubwa wa kVA 200 iliyosukwa upya, yaani imezungushiwa waya mpya ndani, anaiuza kwa bei ya kVA 100 mpya. Fundi wangu anasema nichukue hiyo, kubwa haichoki, na transfoma zote zina ufanisi wa asilimia 98 kwa hiyo hakuna ninachopoteza. Shemeji yangu anasema transfoma kuukuu inakula umeme hata mashine zikiwa zimezimwa. Nani mkweli? Na ni nini hasa kinachoshusha ufanisi wa transfoma? Halafu, mbona ile ya jirani inavuma zaidi usiku?"

Marahaba. Shemeji yako ndiye mkweli, ingawa fundi naye hakukudanganya. Amekupa ukweli wa saa ile mashine zinapokoroma zote, wewe ukauchukua kuwa ukweli wa mwaka mzima.

Ufanisi ni umeme unaotoka ukigawanywa kwa umeme ulioingia. Transfoma haina gia, haina beringi, haina kinachozunguka, ndiyo maana inazishinda mashine karibu zote tulizo nazo. Hizi ndogo za kwenye nguzo zikipewa mzigo unaozifaa hufika asilimia 97 au 98 na zaidi, na yale madude ya kwenye vituo vya kupozea umeme hupita 99. Basi ukiangalia asilimia mbili unasema ni kidogo, acha iende. Shida ni kwamba hizo mbili zinatoka kwenye mifuko miwili tofauti, na mmoja kati ya hiyo hautazami kama unasaga au umelala.

Mfuko wa kwanza ni chuma. Ndani ya tangi kuna kiini cha mabati ya chuma, na juu yake zimezungushwa koili, ya laini kubwa na ya laini ndogo. Mara tu fyuzi za juu ya nguzo zikifungwa, hata kama huku chini hujawasha taa, chuma kile kinaanza kugeuzwa sumaku: kaskazini inakuwa kusini, kusini inakuwa kaskazini, mara 100 kila sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na kila mzunguko una kwenda na kurudi. Chukua waya wa kufungia uukunje huku na huku mara ishirini, halafu uguse pale kwenye mkunjo. Utaona una joto. Chuma nacho kinapogeuzwa-geuzwa hukataa kidogo, na kile kukataa kinageuka joto. Wataalamu wanaliita jambo hilo histeresisi. Tena, sumaku inayobadilika haichagui. Kama inavyozalisha umeme kwenye koili, inazalisha vijimkondo ndani ya chuma chenyewe, vinajizungusha humo bila kazi yoyote ila kukipasha moto.

Dawa ya hivyo vijimkondo ndiyo sababu kiini hakitengenezwi kwa chuma kimoja kizima. Ni mabati membamba, ya milimita 0.23 hadi 0.30, yamepangwa mamia kwa mamia, kila moja limepakwa utando wa kuzuia umeme usiruke kwenda kwa mwenzake. Utando wenyewe huwezi kuuona vizuri kwa macho. Unaona rangi ya kijivu tu, na ukipitisha ukucha unahisi kama unagusa karatasi nyororo. Na chuma chake si cha nondo. Kimechanganywa na silikoni, kama asilimia 3, na kimepitishwa kwenye rola ili chembe zake zielekee upande mmoja, sumaku ipite kirahisi. Wahungaria watatu, Zipernowsky, Déri na Bláthy, walipoonyesha transfoma ya kiini kilichofungwa mwaka 1885 hawakuwa na chuma cha namna hiyo. Siku hizi kuna kiini cha amofasi, utepe mwembamba kuliko karatasi ya daftari, ambacho hupunguza upotevu wa chuma kwa zaidi ya nusu. Bei yake ni ya juu, ila ukikutana nayo usiikimbie kabla hujapiga hesabu.

Mfuko wa pili ni shaba. Huu unategemea mzigo: mkondo ukipita kwenye koili unakutana na ukinzani, panatoka joto. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalijua kwa kulisoma lakini hawalitumii. Upotevu wa shaba unapanda kwa mraba wa mkondo. Mzigo ukiwa nusu, upotevu ni robo. Mzigo ukizidi kipimo kwa robo tu, upotevu umeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu 1.25 mara 1.25 ni 1.56. Kuna upotevu mwingine mdogo, kwenye kuta za tangi, kwenye boliti, kwenye karatasi za kuhami umeme, lakini kwa transfoma ya ukubwa wako tusipoteze muda nao.

Sasa tuziweke transfoma zako mbili mezani. Namba za chuma na shaba nitakazotumia ni za mfano, ila ziko karibu na utakazozikuta. Tuseme kVA 100 mpya ina upotevu wa chuma wati 320, na wa shaba ikibeba mzigo kamili wati 1,750. Ile ya kVA 200 iliyosukwa upya tuipe chuma wati 800 na shaba wati 3,000. Kilowati zako 50, kwa mota ambazo hazina kapasita za kuzisaidia, pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, itakuwa kama 0.8, kwa hiyo mzigo unaobebwa na transfoma ni 50 gawanya kwa 0.8, yaani kVA 62.5.

Saa nne asubuhi, kila kitu kinazunguka. Ile ya 100 imebebeshwa asilimia 62.5 ya uwezo wake. Shaba inapoteza wati 684, chuma 320, jumla kama kilowati moja. Ufanisi: asilimia 98.0. Ile ya 200 imebebeshwa theluthi hivi. Shaba wati 293, chuma 800, jumla wati 1,093. Ufanisi: asilimia 97.9. Fundi wako angekuwepo hapo na kipimo mkononi angekuambia, si nilikwambia? Na angekuwa sahihi.

Saa kumi jioni unazima, vijana wanafagia, mnafunga mlango. Shaba ya transfoma zote mbili inanyamaza. Chuma hakinyamazi. Kuanzia hapo mpaka kesho saa mbili asubuhi, saa 16, ile ndogo inaendelea kula wati 320 na ile kubwa wati 800. Ukijumlisha siku nzima, ndogo imepoteza uniti 13.2 na kubwa 21.5. Siku ambayo hamjafungua kabisa, ndogo inapoteza uniti 7.7, kubwa 19.2, na hakuna hata dumu moja la mawese lililotoka.

Weka siku 200 za kazi na 165 za kufunga. Kwa mwaka ndogo inakula kama uniti 3,900, kubwa kama 7,480. Wewe umetumia uniti 80,000 kwenye mashine. Ufanisi wa mwaka wa ile ndogo ni asilimia 95.4, wa ile kubwa ni 91.5. Ile 98 ya fundi imeishia hapo. Tofauti ya karibu uniti 3,600 izidishe kwa bei unayolipa kila uniti, kisha izidishe kwa miaka ishirini, maana transfoma inayotunzwa inafika huko bila shida. Na kwa kuwa mita yako inakaa upande wa laini kubwa, yaani kabla ya transfoma, kila uniti ya hizo inasomwa kwa jina lako. Mita ingekuwa upande wa chini, upotevu wa ndani ya transfoma ungekuwa juu ya mwenye laini, na mimi nisingekuandikia kwa kirefu hivi.

Kanuni inayotawala hesabu hii ni fupi. Transfoma hufikia ufanisi wake wa juu kabisa pale upotevu wa shaba unapolingana na wa chuma. Kwa ile ya 100, hapo ni kwenye kVA 43 hivi, na mzigo wako wa 62.5 hauko mbali. Kwa ile ya 200 ni kwenye kVA 103. Hata ukiwasha kila ulichonacho hufiki huko. Umenunua basi la abiria sitini, kila siku unapakia kumi na wanane, na usiku halizimwi injini.

Lakini nimtendee haki fundi wako. Kuna hoja moja ya "kubwa" inayosimama nayo ni kuwasha mota. Kama mota yako kubwa ni ya kilowati 22 na unaiwasha moja kwa moja, kwa sekunde chache za kwanza inaweza kuvuta mara sita ya mkondo wake wa kawaida, karibu ampea 250, wakati transfoma ya kVA 100 imepimiwa ampea 144. Taa zitafifia, na mota nyingine iliyokuwa inafanya kazi italalamika. Ila dawa yake ni swichi ya kuwashia ya nyota-delta, inayopunguza huo mkondo mpaka theluthi, au kifaa cha kuwashia polepole. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na transfoma nzima. Hoja nyingine ni kama unapanga kuongeza mashine. Kama ni mwaka huu au ujao, na fedha ipo, tuzungumze upya. Kama ni "Mungu akijalia huko mbele", nunua transfoma ya mzigo ulio nao.

Kuhusu neno "iliyosukwa upya". Kusuka mota tumezoea, kila mji una fundi wake hodari. Transfoma ni kazi nyingine. Zamani nikiwa bado nazunguka na kazi niliingia karakana moja, jina tuliache, nikakuta kiini kimefumuliwa chini sakafuni. Mabati yamemwagwa kwenye mchanga kama ndizi za kuuza. Kijana mmoja anayapanga upya, na likikataa kuingia analigonga na nyundo ya chuma, si ya mbao. Niliokota moja. Kona yake ilikuwa imeota ukali wa kukata kidole, na katikati ule utando wa kijivu umekwaruzwa, chuma kinang'aa. Mabati kumi ya namna hiyo yakigusana, pale umeshajenga kipande cha chuma kizima, na vijimkondo vinapita vinavyotaka. Tena chuma hiki chenye chembe zilizoelekezwa kinachukia kupigwa. Kikigongwa au kukunjwa, sumaku inapita kwa taabu. Na mabati yakirudishwa na mianya kwenye maungio, mkondo wa kusumakisha unapanda. Transfoma ile ilitoka pale imepakwa rangi mpya nzuri kabisa. Nje ya tangi ungeipenda.

Upande wa koili kuna ujanja mwingine. Waya mwembamba kuliko wa awali: shaba kidogo, ukinzani zaidi. Aluminiamu mahali pa shaba: si dhambi, viwanda vingi vinatengeneza transfoma za aluminiamu na ni nzuri, lakini ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo waya lazima uwe mnene kwa kiasi hicho. Anayebadilisha bila kunenepesha anakuuzia jiko. Na yule anayepunguza mizunguko ili waya utoshe anafanya baya zaidi, kwa sababu mizunguko ikipungua sumaku ndani ya kiini inazidi, na upotevu wa chuma unapanda usiku na mchana.

Ndiyo maana namba ninayotaka umwombe muuzaji ni mbili, kwa wati: upotevu wa bila mzigo na upotevu wa mzigo kamili, ziwe zimepimwa baada ya kusukwa, pamoja na karatasi ya vipimo. Kibati cha zamani kilichopigiliwa ubavuni hakisaidii, kinaeleza transfoma iliyotoka kiwandani, siyo hii. Kipimo cha kwanza hufanywa kwa kuipa transfoma volti zake kamili upande wa chini huku upande wa juu ukiwa wazi. Cha pili kwa kuunganisha pamoja ncha za upande mmoja na kupandisha volti polepole upande mwingine mpaka mkondo kamili upite. Usimruhusu mtu akufanyie kipimo hicho uani kwako. Ukiipa volti 400 chini, kule juu zinatoka maelfu, na zinaua. Ni kazi ya karakana yenye uzio na vifaa. Muuzaji akikosa karatasi, bei yake ya rahisi umeshajua inatoka wapi. Na uulize mwaka wa kutengenezwa. Mafuta ya transfoma za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla miaka ya 1980 haijaisha, huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo ni sumu isiyooza. Hutaki kitu hicho jirani na mahali unapokamua mafuta ya kula.

Haya, tuseme umeichukua ile mpya. Nini kitakachoiharibia ufanisi ikiwa tayari kwako?

La kwanza ni volti. Upotevu wa chuma unafuata takriban mraba wa volti: laini ikizidi asilimia 5, upotevu unapanda zaidi ya asilimia 10, na ukifika mahali chuma kimeshiba sumaku unapanda kwa kasi zaidi. Laini zetu za vijijini ni ndefu. Mchana mzigo ukiwa mwingi volti zinashuka, usiku watu wakizima zinapanda. Juu au ubavuni mwa transfoma kuna kitasa cha kurekebishia, mafundi wanakiita tepu, kwa kawaida kina hatua tano, kila hatua asilimia 2.5. Nimeona mara nyingi mtu analalamika mchana taa zinafifia, fundi anaipandisha tepu mpaka mwisho, wote wanafurahi, na kuanzia saa nne usiku kiini kinaoka. Pima volti mchana kukiwa na kazi, pima tena usiku wa manane, kisha chagua hatua inayokaa katikati. Na tepu za transfoma hizi hubadilishwa umeme ukiwa umekatwa tu, na mtu mwenye idhini.

La pili, joto. Ukinzani wa shaba unapanda kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Koili ikitoka nyuzi 20 kwenda 75, ukinzani umeongezeka zaidi ya moja ya tano, na upotevu wa shaba unafuata humo humo. Joto linaleta upotevu, upotevu unaleta joto. Kinachovunja mduara huo ni mafuta na mapezi ya tangi. Kwa hiyo usiijengee kibanda cha matofali bila matundu, usiipandie maboga yatambae mpaka kwenye mapezi, na usirundike makapi ya chikichi chini yake, kwa sababu ya moto kuliko hata joto. Karatasi zinazohami koili ndizo zinazoumia: kila nyuzi 6 hadi 8 za kuzidi kipimo, uhai wake unapungua kama nusu. Kwa mwinuko wewe huna neno, uko chini ya mita 1,000 juu ya bahari. Wenzako wa Kasulu au wa Tabora wako juu ya hapo, hewa ni nyepesi kidogo na upoozaji unapungua kidogo, jambo la kuandikwa kwenye oda tu.

Mafuta yenyewe yanaibwa, sote tunajua, na kuna watu wanayatumia kukaangia. Transfoma iliyopunguziwa mafuta koili zake za juu zinabaki hewani, inachemka, inakufa. Kagua kioo cha kipimo kila mwezi. Kama ina kipumulio chenye chembechembe za kunyonya unyevu, angalia rangi: zile za buluu zikigeuka waridi zimeshiba. Na kwa kuwa najua utaniuliza, hapana, mawese huwezi kuongezea. Zipo transfoma duniani zinazotumia mafuta ya mimea, lakini ni mafuta yaliyosafishwa kitaalamu kwa kazi hiyo, siyo ya dumu lako.

La tatu ni kugawa mzigo sawa kwenye fezi, zile nyaya tatu zinazoleta umeme. Kwa kVA 62.5 unapaswa kuona kama ampea 90 kwenye kila fezi. Nikija nikakuta 150, 80 na 40, jumla ni ile ile 270, lakini upotevu wa shaba umepanda kwa robo, na bado sijahesabu nyutro. Hii husababishwa na vitu vya fezi moja: mashine ya kuchomelea ya kijana uliyemwazima kona, friji ya soda, taa, chaja za bodaboda, vyote vimechomekwa fezi ambayo ilikuwa karibu na ukuta. Kupanga upya ni kazi ya nusu siku.

Kapasita zinasaidia, ila usiuziwe miujiza. Ukipandisha pawa fakta kutoka 0.8 hadi 0.95, mzigo kwenye transfoma unashuka mpaka kVA 53 hivi na upotevu wa shaba unatoka wati 684 kwenda 485. Ni uniti moja na nusu kwa siku. Faida yake kubwa iko kwenye nyaya zako, na kwenye gharama ya kVA kama daraja lako la bei linaihesabu. Ziwekwe karibu na mota na zizimike pamoja na mota. Vifaa vya kubadilisha mwendo wa mota na inveta navyo vinachafua wimbi la umeme na kuongeza joto kwenye koili. Ukiwa na kimoja hakitakusumbua, vikiwa ndivyo mzigo wako mwingi mwambie anayekuuzia transfoma kabla.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuniuliza, na huenda ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote. Transfoma itasimama wapi? Kama nguzo itakuwa barabarani, mita 150 kutoka kwenye mashine, na ukavuta waya wa aluminiamu wa milimita za mraba 35 kwa sababu ndio ulio bei nafuu, kwa ampea 90 waya ule peke yake unapoteza wati 3,160. Ni mara tatu ya transfoma nzima. Kwa siku 200 za saa nane ni uniti 5,000, zaidi ya ile tofauti ya kVA 100 na kVA 200 tuliyoisumbukia hapo juu. Ukitumia waya wa 95 unashuka mpaka wati 1,170. Ukiisogeza transfoma ikawa mita 20 kutoka mlangoni, hata na ule wa 35 ni wati 420. Laini kubwa inabeba mkondo mdogo, iache ndiyo itembee mbali.

Msimu wa kufunga unaweza kuokoa hata zile uniti 7.7 za kila siku. Omba fyuzi za juu zifunguliwe na wenye laini, transfoma ikae bila umeme. Kwa miezi miwili mitatu ina maana, kwa wiki haina. Ila transfoma iliyolala hupoa, na isiyofungwa kabisa huvuta unyevu, hasa ikikutana na masika. Kabla ya kuirudisha ipimwe kwa mega, kipimo cha kuona kama koili bado zimehamiwa vizuri, na kama ina kipumulio chembechembe zibadilishwe kwanza. Zilizofungwa kabisa kiwandani, zisizopumua, hazina shida hiyo. Miaka ile mji wetu ukitegemea majenereta ya dizeli, kabla ya gridi, transfoma iliyoachwa inavuma bila mzigo ilikuwa inachoma dizeli iliyosafirishwa kutoka mbali, na sikumbuki mtu aliyejali.

Na kuvuma kwa ya jirani. Chuma kikisumakishwa kinarefuka na kufupika kidogo sana, mara 100 kwa sekunde, ndiyo sauti hiyo. Usiku kuna ukimya, hilo ni moja, kelele ambayo mchana ilimezwa na mashine na pikipiki sasa unaisikia. Lakini inawezekana pia kweli inavuma zaidi: watu wamezima, volti zimepanda, sumaku imezidi, na chuma kinarefuka zaidi. Mwombe akuruhusu upime kwenye soketi yake saa tatu usiku, kisha saa nane. Ukikuta 230 na kitu, ni masikio yako na ukimya. Ukikuta 250 na kuendelea, mwambie tepu yake iko juu mno, na kama mita yake nayo iko upande wa laini kubwa, atakuelewa haraka.